Unguja ya wanafunzi: mji wenye vyuo vya aina mbili

Ujumbe wa kukubaliwa chuo uliingia katika simu ya binti wa kaka yangu baada ya swala ya Alasiri, nyumbani kwao Lizaboni, mjini Songea. Amepata nafasi ya kusomea ualimu Chukwani, Unguja. Furaha ilijaa ukumbini kwa dakika chache, wadogo zake wakiruka ruka, mpaka mama yao alipotoka jikoni na kuuliza swali lililowanyamazisha wote.

“Shemeji, mtoto huyu atavuka bahari na nani?”

Halikuwa swali la mtu mwoga. Sisi watu wa Ruvuma tumekulia chini ya milima ya Matogoro, na maji makubwa tunayoyajua ni ya Ziwa Nyasa. Habari za bahari hutufikia zaidi siku za msiba. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa Septemba 10, 2011 karibu na Nungwi, ikielekea Pemba. Na haujapita hata mwaka mmoja, Julai 18, 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Mamia ya watu walifikwa na mauti katika ajali hizo mbili, Allah awarehemu, na mama aliyezisikia redioni hawezi kuambiwa asihofu.

Hofu yake ya pili hakuisema mbele ya binti. Unguja tunayoonyeshwa katika picha ni ya fukwe na watalii waliovaa nusu. Mzazi aliyemfunza mwanawe stara tangu utotoni ana haki ya kuuliza anampeleka wapi. Na lipo suala la mahram katika safari ya mbali kama ile, ambalo kaka yangu hakutaka lifanyiwe mzaha. Tukakubaliana kwamba baba mdogo, yaani mimi, nitamsindikiza mpaka mlangoni kwa chuo.

Basi liliondoka Songea kabla ya Alfajiri, tukaswali njiani. Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro. Safari inayokaribia kilomita 1,000, hadi kituo cha Magufuli, Mbezi, miguu imevimba. Kesho yake boti ilituvusha kwa muda wa saa mbili hivi. Binti alinyamaza njia nzima, mkono umeshika tasbihi. Mimi nilitapika, jambo ambalo hakulisimulia nyumbani, na ninamshukuru kwa hilo.

Iko miji duniani ambayo chuo kikuu kimoja ndicho kilichoipa jina. Dumaguete, mji wa pwani huko Ufilipino, ni mfano wake: tangu Chuo Kikuu cha Silliman kilipoanzishwa mwaka 1901, ukiutaja mji umekitaja na chuo. Unguja ni kinyume chake. Mji ulikuwa wa elimu karne nzima kabla ya kuwa na chuo kikuu hata kimoja. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alifundisha Ukutani katikati ya Mji Mkongwe, na jina lake lilifahamika kiasi cha kuombwa aende hadi Cape Town, Afrika Kusini, kusuluhisha mgogoro wa Waislamu wa huko. Rafiki na mwalimu wake, Sayyid Ahmed bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa kadhi wa Unguja na mwandishi wa vitabu. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Miongoni mwa waliokuja kuandika habari za kizazi chao ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy, yule yule ambaye tafsiri yake ya Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za wasomaji wa gazeti hili. Kitabu chake cha wasifu kinaitwa Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika.

Tulitazame neno hilo, wanavyuoni. Kwetu Songea chuo ni mahali pa kuchukua cheti au shahada, na watoto wadogo huenda madrasa. Unguja mtoto wa miaka sita huenda chuoni, akiwa na juzuu yake kifuani, na huko skuli huenda kwa wakati mwingine. Nilikuwa nikilijua hilo kwa kusoma. Siku ile nililisikia kwa masikio.

Tulifikia kwa jamaa wa rafiki, Mji Mkongwe, nyumba yenye ngazi nyembamba za mbao. Bibi mwenye nyumba alitukaribisha kwa chai ya mdalasini na mikate ya kumimina, akamtazama binti, akamuuliza kwa upole:

“Mwanangu, chuoni unasoma kwa mwalimu nani?”

Binti akajibu kwamba walimu bado hajawajua, ila chuo chenyewe kipo Chukwani.

“Hiyo ni skuli, mama. Skuli kubwa. Mimi nakuuliza chuoni.”

Binti alinitazama, nami sikuwa na jibu. Tulikuwa tumepanga ada, nauli, godoro, hata kandambili. La mwalimu wa dini hatukulipanga. Tulidhani kwa kuwa anakwenda Unguja, elimu hiyo itamjia yenyewe kama upepo wa bahari.

Haiji hivyo, na sababu ni ramani ya mji wenyewe. Vyuo vikuu vya Unguja havikujengwa Ukutani. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998, kipo Tunguu, nje ya mji, kwenye barabara ya kusini. Mwaka huo huo Shirika la Africa Muslims Agency la Kuwait lilianzisha chuo cha ualimu Chukwani, ambacho sasa kina jina la mwasisi wa shirika hilo, daktari Abdulrahman Al-Sumait, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika huduma za Waislamu wa Afrika. (Wengi humchanganya na Sayyid Ahmed bin Sumait wa Unguja, ni watu wawili mbalimbali.) Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza mwaka 2001, kina makao makuu Tunguu, ingawa kimebakiza majengo Vuga, mjini. Kipya zaidi ni tawi la IIT Madras ya India, lililofunguliwa Bweleo mwaka 2023, la kwanza la taasisi hizo kuwa nje ya India.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka Bara anaweza kukaa miaka mitatu kati ya darasa, dahalia na kituo cha daladala, akaondoka na shahada yake bila kuketi hata mara moja katika darsa la baina ya Magharibi na Isha katika misikiti ya Mji Mkongwe. Nilikutana na vijana wa namna hiyo. Forodhani wanaijua vizuri, na bei ya urojo, na wapi intaneti ina kasi. Mmoja wao, kijana wa Mbinga, aliniambia kwamba Ukutani hajawahi kufika, na alikuwa mwaka wa mwisho. Sikumlaumu, hakuna aliyemwambia.

Kuhusu stara, shemeji anaweza kupumua. Mji wenyewe bado una haya. Binti wa hijabu hageuziwi shingo barabarani, adhana husikika kila upande, na mchana wa Ramadhani hata asiyefunga hujificha. Mambo ya fukwe yapo, ila mengi yapo kaskazini na mashariki, mbali na njia ya mwanafunzi anayeshughulika na masomo yake. Hatari iliyo karibu zaidi ni chumba cha kupanga. Kodi mjini ni kubwa kwa mkulima wa mahindi, na wasichana hulazimika kukodi wanne wanne katika nyumba ambayo mwenye nyumba hakai. Hapo ndipo mzazi aulize maswali yake yote, kabla ya kuuliza juu ya watalii.

Tukalitazama na suala la mkopo. Kaka yangu alikuwa akiukwepa kwa kuhofia riba, hofu ambayo masheikh wetu wameizungumza miaka mingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021, tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi. Nilimwambia ayasome masharti ya sasa na kumuuliza sheikh wake, asitegemee kauli za barazani, yangu ikiwemo.

Kabla sijarudi, bibi yule alinichukua pembeni. Alisema binti aje kwake kila Ijumaa mchana, atampeleka kwa mwalimu wa kike jirani, wanasoma fiq-hi na tajwidi, malipo hakuna. Nilimuuliza kama si usumbufu. Alicheka, akasema nyumba ile ilikuwa ikipokea wanafunzi wa Mrima tangu yeye ni mtoto, wengine wakija kwa jahazi.

Mwezi uliopita binti alipiga simu Songea. Mama yake alianza na ugali: anaupata? Anaupata, wa unga mweupe, si kama wa nyumbani. Baba yake akauliza masomo. Kisha akamwambia ampe simu baba mdogo.

“Mwambie bibi nimefika Suratul Baqara,” alisema, “maana nikimwambia mwenyewe ananisikilizisha upya.”

Mama yake akamnyang'anya simu kumuuliza boti ya likizo itaondoka saa ngapi, na kama bahari imetulia.