Hadhramaut si Jina la Mtu



Jumamosi iliyopita, baada ya darasa la watoto hapa Kitengela, binti mmoja mwenye jina la ukoo la Kihadhrami alituuliza kama Hadhramaut alikuwa babu yake. Hatukumcheka. Wazee wake walipohamia huku Kajiado kutoka Pwani walikuja na jina; habari zake zilibaki kwa bibi.

Hadhramaut ni nchi, iliyo mashariki ya Yemen. Pwani yake ni ya joto kali, yenye bandari za Mukalla na Shihr, na kwa ajili ya Shihr wazee wetu wakawaita wageni walioletwa na kaskazi Washihiri. Nyuma ya pwani kuna uwanda mkavu wa mawe, uliokatwa na bonde refu lenye mitende na miji ya Shibam, Seiyun na Tarim. Mvua ni haba mno. Inaponyesha, maji huporomoka kwa kishindo, na wakulima huyaongoza kwa matuta na mifereji hadi mashambani. Mama wa Kitengela anayengoja boza la maji atawaelewa upesi. Kandokando ya njia huko zimo siqaya, vijumba vyeupe vya kuba, vilivyowekwa wakfu ili mpita njia apate kunywa.

Shibam ina nyumba za matofali ya udongo zenye orofa hata saba, nyingi zikiwa na umri wa karne kadhaa. Akina mama wa Kimasai, majirani zetu, wanajua kazi yake: nyumba ya udongo isipokandikwa upya huliwa na mvua. UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1982. Mafuriko ya Oktoba 2008 yaliudhuru, na mwaka 2015, vita vikiwaka, ukatajwa miongoni mwa urithi ulio hatarini.

Seiyun ndiko alikoishi Habib Ali al-Habshi, mtungaji wa maulidi ambayo Habib Swaleh aliyaeneza Lamu, na ambayo akina mama wetu huyasoma hata huku bara. Wapo wanaoikumbuka Hadhramaut siku ya posa tu, kwa kupimana nasaba, hilo halitupendezi.

Binti akauliza kijiji chao ni kipi. Tukamwambia ampigie bibi yake aliyeko Malindi, kwani katika ukoo wao amebaki yeye peke yake anayekijua. Tumempa daftari aandike.