Msema Pweke Hakosi

Wahenga walinena kwamba msema pweke hakosi. Mimi nikiisikia methali hii huikumbuka redio. Yeye anasema, sisi tunasikiza; hakuna wa kumwuliza, "Wewe, hayo umeyatoa wapi?"

Je, maneno huingiaje akilini hata mtu akamchukia jirani yake?

Kwanza, kwa kurudiwarudiwa. Mwaka wa 1977 watafiti wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi za kweli na za uwongo. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, hata za uwongo!

Pili, kwa sauti tunayoipenda. Anayesema kwa lugha ya mama huonekana ndugu, na nani humshuku ndugu yake?

Tatu, kwa hofu. Ukiambiwa ati wale wa ng'ambo ya mto wananoa mapanga, hungoji ushahidi.

Huko Rwanda, mwaka wa 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mende hana jina wala mama, basi kumponda si kitu. Mwaka wa 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya. Hapa hapa Uasin Gishu, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilitaja redio za lugha za kienyeji na jumbe za simu miongoni mwa vilivyoeneza chuki.

Sisemi redio ni mbaya, la hasha! Hiyo hiyo hutuletea bei ya mahindi na habari za wanariadha wetu. Ila siku hizi msema pweke amehamia pia kwenye WhatsApp, na kila kikundi kina watu wa upande mmoja tu.

Enyi wenzangu wa Sugoi, kabla ya kupitisha habari, hebu tuulize: Nani amesema? Aliona mwenyewe? Na huyo jirani anayesemwa, angekuwa hapa angejibu nini? Swali hili la mwisho ndilo kubwa, kwani akishapewa nafasi ya kujibu, yule msemaji si pweke tena.