Mukawa na Msunguti: Ndugu Wawili, Mmoja Chakula na Mwingine Sumu



Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mtu aliyetumwa kutafuta mboga wakati wa njaa. Alikuta mmea wa porini, akachuma matunda yake akajaza nguo yake, akayakatakata ndani ya chungu. Walipoanza kula wakagundua kwamba chungu kina mauti. Mtu yule hakuwa mbaya. Shida ni kwamba hakuujua mmea. Ndiyo sababu katika toleo hili tunaeleza vichaka viwili vinavyofanana sana, ambavyo huota katika nchi kavu, kwenye mawe na kandokando ya misitu.

Majina yake

Cha kwanza ni mukawa, kama kinavyoitwa Embu na Ukikuyuni. Kimeru huitwa kamuria, na Kiswahili mtandamboo. Watoto wanaochunga mbuzi wanakijua vizuri kwa sababu matunda yake ni matamu. Cha pili ni msunguti. Wakikuyu huuita muricu na Wamaasai olmorijoi. Huu ndio mti wa sumu ya mishale.

Wataalamu wa mimea huupa kila mmea jina la Kilatini lenye maneno mawili, ili mtu wa Chuka na mtu wa Yemeni wajue wanazungumza juu ya kitu kimoja. Neno la kwanza ni kama jina la nyumba, la pili ni la mmea wenyewe. Mukawa ni Carissa spinarum, maanake Carissa ya miiba. Jina hili lilitolewa na Linnaeus mwaka 1771. Katika vitabu vingi mtaukuta kwa jina Carissa edulis, yaani Carissa inayolika. Hilo lilitokana na kazi ya Forsskål, aliyekusanya mimea Yemeni na kufia huko mwaka 1763. Siku hizi wataalamu wengi wanahesabu yote mawili kuwa mmea mmoja.

Msunguti ni Acokanthera schimperi. Jina la pili ni kumbukumbu ya Schimper, Mjerumani aliyeishi Ethiopia miaka mingi katika karne ya 19 akikusanya mimea.

Nyumba hizi mbili ni za ukoo mmoja mkubwa uitwao Apocynaceae. Kwa hiyo kufanana kwao si ajabu. Ni kama watoto wa ndugu: sura moja, tabia mbalimbali.

Jinsi wanavyofanana

Majani ya vyote viwili ni ya kijani kibichi, magumu, yanang'aa, na hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Ukivunja tawi, utomvu mweupe kama maziwa hutoka. Maua ni meupe yenye rangi ya waridi kidogo, hukaa kwa vishada, na harufu yake ni nzuri sana. Matunda huanza yakiwa ya kijani, yakawa mekundu, kisha zambarau karibu na nyeusi.

Kwa hivyo mtu akikwambia, "Angalia maziwa yake," au "Nusa maua yake," hajakusaidia.

Jinsi wanavyotofautiana

Tofauti kubwa ni mwiba. Mukawa una miiba iliyonyooka, migumu, ya urefu wa kama sentimita 2 hadi 5. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Tena jani la msunguti huwa gumu zaidi na lina ncha kali mwishoni, na mti wenyewe unaweza kukua ukawa na shina nene kuliko mukawa, ambao mara nyingi hubaki kichaka kilichosongamana.

Wafundisheni watoto maneno haya mafupi: *Hakuna mwiba, usichume.* Msiangalie tawi moja tu, zungukeni kichaka kizima. Lakini tukumbuke pia kwamba mwiba peke yake si ruhusa ya kula, kwa maana iko mimea mingine yenye miiba na yenye sumu. Mwiba ni kwa kutenganisha hawa ndugu wawili.

Sumu yenyewe

Sumu ya msunguti iko katika mizizi, gome, mti wenyewe, majani, mbegu na matunda mabichi. Wawindaji wa zamani walichemsha vipande vya mti kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito na meusi kama lami, ndipo wakapaka kwenye mishale. Mwaka 1888 mwanasayansi Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu hii. Inaitwa uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Inashika moyo. Mapigo huharibika, na ikizidi moyo husimama.

Hata wanyama wanaijua. Iko aina ya panya mkubwa wa mwituni, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate hayo mbavuni. Wanasayansi waliandika habari hizi mwaka 2011. Mbwa akimuuma panya huyu anaweza kufa.

Wako watu wanaosema tunda la msunguti lililoiva kabisa linalika. Ni kweli sumu hupungua likiiva, na kuna wanaolila. Lakini mtoto hajui kupima kuiva, na mbegu bado ina sumu. Sisi tunasema liachwe.

Hatari iliyo kwenye mizizi

Hapa tunaomba akina mama na wazee wasikilize kwa makini. Mizizi ya mukawa huchemshwa kwa supu na dawa ya kienyeji, na hata huuzwa sokoni. Lakini mzizi hauna mwiba! Ukishachimbwa na kufungwa mafungu, ile alama yetu imepotea. Kwa hivyo:

1. Anayechimba aangalie miiba ya kichaka kabla ya kushika jembe, na afuate mzizi mpaka kwenye shina lake, kwa sababu vichaka hivi vinaweza kuota pamoja.
2. Usinunue mzizi kwa mtu usiyemjua.
3. Kama una shaka, tupa. Supu ya siku moja si bei ya maisha.

Tena tusichome nyama kwa vijiti vya msunguti, wala kuukoroga uji kwa mti wake.

Mtu akila msunguti

Huenda akasikia kichefuchefu, akatapika, akaishiwa nguvu, na moyo ukapiga vibaya. Msimtapishe kwa nguvu, wala msingoje mpaka kesho. Mpelekeni hospitali mara moja, mkibeba tawi lenye majani na matunda ili daktari aone ni mti gani.

Kazi kwa vikundi

Hatusemi misunguti yote ing'olewe. Ni miti ya Mungu na ina mahali pake. Lakini isiachwe kando ya shule wala kwenye njia ya watoto. Mukawa nao tuupande. Miiba yake hufanya ua mzuri wa boma, ndege hupenda matunda yake, na watoto hupata kitu kitamu. Chagueni matunda yaliyoiva kutoka kichaka mlichokikagua, osheni mbegu, na mzipande kitaluni zikiwa bado mbichi. Hukua polepole, basi muwe na subira.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni:

- Wazee wetu wanauita msunguti jina gani katika lugha ya hapa kwetu? Liandikeni katika kitabu cha kikundi.
- Uko wapi katika kijiji chetu? Ni nani atawaonyesha watoto?
- Wanaouza mizizi sokoni walifundishwa na nani kuitambua?