Kupunguza unene bila kutoboa mfuko

Mfanyabiashara wa mpakani hana nafasi ya kuugua. Siku asiyofika Rusumo, mzigo haununuliwi na mtaji unaliwa nyumbani. Ndiyo maana nilipopimwa shinikizo la damu kwa mara ya pili na kuambiwa 150 kwa 95, huku mizani ikisoma kilo 92, nilimuuliza muuguzi dawa ni bei gani. Akanijibu, "Mama, tuanze na miguu na sahani. Vidonge tutaviangalia ukirudi."

Ada ya jimu mjini Kigali kwangu ni mtaji wa sabuni. Nikaacha kupanda pikipiki kutoka Nyamirambo hadi Nyabugogo. Kwenda ni mteremko. Kurudi ni kilima, na hapo jasho hutoka kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ukitembea ukaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo unatosha.

Aidha, tangu mwaka 2016 baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari Jumapili asubuhi maalumu, watu wakimbie. Hapo hupimwa shinikizo na sukari bure. Wenzangu wengi hupita bila kujua.

Ugumu uko kwenye chakula cha safari. Basi likisimama tu, mandazi na soda viko dirishani. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko saba vya chai au zaidi! Siku hizi nabeba maji yaliyochemshwa na maharage na dodo, ambayo sisi tuliokulia Tanzania tunaiita mchicha. Wali umepungua hadi ngumi moja, na chumvi ya mezani nimeiondoa.

Baada ya miezi mitano nina kilo 85, na shinikizo ni 136 kwa 86. Muuguzi bado ananifuatilia. Lakini aliyekwisha kuandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa ameanza kutembea.

Kwetu unene ni dhamana. Tajiri anayenikopesha mchele aliniona nimepungua akauliza kama biashara imekufa, na safari ile alinipa nusu ya mzigo. Nikamlipa kabla ya siku yake. Wiki iliyofuata alinipa magunia yote, akataka na kujua dodo naipikaje.