Spidomita Inapodanganya

Mwezi Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, wakitokea pwani. Urefu wa njia ya misafara waliukadiria kwa kuzidisha saa za kutembea kwa mwendo waliodhani kuwa wanakwenda. Mwendo ukikosewa, umbali nao hukosewa kwa uwiano uleule. Nyota ziliwapa latitudo, lakini njia ile ilielekea magharibi. Kwa upande huo ilihitajika saa ya kuaminika, na saa zao ziliharibika safarini.

Land Rover kuukuu iendayo leo kutoka Tabora hadi Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akiwangoja wapagazi, yaweza kuwa na kosa la namna hiyohiyo.

Spidomita za kale ni za aina ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902. Waya utokao kwenye giaboksi huzungusha sumaku. Sumaku hiyo huzaa mikondo midogo ya umeme katika kikombe cha alumini kilicho karibu nayo, ingawa havigusani. Mikondo hukivuta kikombe kifuate mzunguko, na springi nyembamba hukizuia. Nguvu hizo mbili zikilingana, mshale hutulia. Tarakimu zinazohesabu umbali, kwa upande wao, huendeshwa na meno ya gia tu, wala hazihusiani na sumaku. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mchunguzi kujua ugonjwa uko wapi.

Tuseme tairi za kipenyo cha sentimita 72 zimeondolewa zikawekwa za sentimita 80. Katika barabara ya kilomita 5 iliyopimwa, mshale ukishikiliwa kwenye 60, gari lingepaswa kutumia dakika 5. Litatumia dakika 4 na nusu, na tarakimu zitaonyesha kilomita 4.5. Vyote viwili vimekosea kwa uwiano wa 72 kwa 80: kosa ni la tairi. (Spidomita ya maili igeuzwe kwanza: maili 1 ni kilomita 1.609.) Tarakimu zikiwa sahihi na mshale peke yake ukikosea, ichunguzwe sumaku au springi. Sumaku iliyopungua nguvu hushusha mshale. Springi iliyolegea huupandisha. Mshale unaotikisika mara nyingi hudai grisi kwenye waya.

Dereva wa gari hilo aonapo 50 yuko karibu 56, naye amekwisha pita kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Umbali wa kusimama kwa breki hufuata mraba wa mwendo, hivyo umerefuka kwa asilimia 23.

Baadhi ya mafundi huung'oa mshale na kuusogeza mbele. Dawa hiyo ni mbovu. Kuusogeza kwa 6 hurekebisha 54 iwe 60, lakini 18, ambayo kwa kweli ni 20, itasomeka 24. Kosa la kuzidisha haliponi kwa kujumlisha. Ibadilishwe gia ndogo inayozungusha waya, au zirudishwe tairi za kipimo cha awali. Hayo yasipowezekana, jedwali la masahihisho libandikwe mbele ya dereva.

Asiye na barabara iliyopimwa aweza kutumia simu ipokeayo mawimbi ya setilaiti, mradi gari liende mwendo usiobadilika, kwani simu huchelewa kidogo kuonyesha mabadiliko.