Je, Wajua? Mchuzi mzito huanzia kwenye masalia ya kikaango

Kusini mwa Marekani, kikaango kilichotumika kukaanga chopsi za nguruwe hakioshwi kwanza. Chembe za unga na nyama zilizoshika chini, zikawa kahawia bila kuungua, ndizo zinazoupa ladha mchuzi mzito unaomwagwa juu ya nyama.

Mpishi huacha vijiko 2 vikubwa vya mafuta, hutia vijiko 2 vya unga wa ngano na kukoroga mpaka uanze kubadilika rangi. Kisha humimina kikombe 1 cha maziwa au supu, kidogo kidogo, huku akikwangua chini. Mafuta hutenganisha chembe za unga, hivyo mchuzi haufanyi mabonge. Joto likipanda, wanga hunyonya maji, huvimba, na mchuzi huwa mzito.

Na nyama je? Mwaka 2011, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto salama kwa vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, mradi vipumzike dakika 3 kabla ya kuliwa. Nyama ya kusaga ilibaki nyuzi 71. Pima katikati ya kipande, mbali na mfupa.