Uzi: Nani anauza hisa za mafuta asizo nazo, na je, ndiye anatupandishia petroli?

Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei mpya, lazima kwenye mdahalo fulani mtu asimame aseme kuna wacheza kamari huko Marekani wanauza mafuta wasiyo nayo, ndiyo sababu tunaumia kwa pampu. Makofi. Wiki hiyo hiyo mwingine anasambaza skrinshoti ya mfuko wa nishati, imeandikwa "shoti asilimia 48", anasema mabwanyenye wanajua mafuta yanaanguka.

Hebu ngojeni kidogo. Anayeuza shoti anaombea bei ishuke. Sasa ndiye huyo huyo anaipandisha? Watu wale wale wanasambaza hoja zote mbili bila kushtuka. Wacha tuzipasue polepole.

Kwanza, hiyo ETF ni nini. Ni kapu. Mfuko unanunua hisa za kampuni nyingi, halafu unauza vipande vya kapu sokoni, na kipande kinauzwa na kununuliwa siku nzima kama hisa yoyote. Linalotajwa sana kwa nishati ni XLE, lililoanza 1998. Ndani yake kuna kampuni za nishati zilizo kwenye faharasa ya S&P 500, na ExxonMobil na Chevron ndizo zimekalia sehemu kubwa. Shikeni hapo: ndani ni hisa za kampuni. Hakuna pipa hata moja la mafuta.

Sasa shoti. Chukua Kitale, mwezi wa sita, mahindi ni haba. Unakopa gunia kwa jirani na kuliuza saa hiyo hiyo kwa 4,500. Mwezi wa kumi na moja watu wamevuna, gunia ni 3,000. Unanunua moja, unamrudishia jirani gunia lake pamoja na ada ya kukukopesha. Kilichobaki ni chako. Sokoni ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba dalali ndiye anakutafutia wa kukukopesha kipande cha kapu.

Lakini mvua ikikataa? Gunia likifika 8,000 bado unadaiwa gunia, haudaiwi shilingi 4,500. Ukinunua hisa kawaida, mabaya zaidi ni ifike sifuri, umepoteza ulichoweka. Ukiuza shoti, hasara haina dari. Juu ya hiyo, kapu likitoa gawio ukiwa bado na deni, wewe ndiye unamlipa mwenye mali hilo gawio kutoka mfukoni mwako. Kampuni za mafuta zinapenda kutoa gawio nono, kwa hivyo hiyo si pesa ya chai.

Mifano iko karibu. Mwaka 2020 janga lilipofunga dunia, XLE ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Januari na Machi. Aliyeshoti mwanzo wa mwaka alikula vizuri. Halafu ikaja Aprili 20, siku mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi wa Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Yaani ulikuwa unalipwa uchukue mafuta. Na kapu la hisa siku hiyo? Lilishuka asilimia chache tu. Mafuta na kampuni za mafuta ni ndugu, si mapacha.

Sasa aliyebaki na shoti yake akiamini zama za mafuta zimeisha: mwaka 2022 Urusi iliingia Ukraine, na sekta ya nishati kwenye S&P 500 ikapanda zaidi ya asilimia 50 mwaka huo, huku faharasa yenyewe ikianguka karibu asilimia 20. Huyo alichomeka.

Turudi kwa ile skrinshoti, kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi unapikwa, mara nyingi bila anayeusambaza kujua.

Kuna namba mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Moja ni mauzo ya shoti ya siku: kati ya vipande vyote vilivyouzwa leo, vingapi viliuzwa kwa njia ya shoti. Hiyo mara nyingi hukaribia nusu, na haimaanishi kitu cha kutisha. Kuna madalali wakubwa ambao kazi yao ni kuhakikisha ukitaka kununua unapata wa kukuuzia sekunde hiyo. Hana kipande mkononi, anakuuzia kwanza, anakitafuta baadaye, pengine dakika tano mbele. Kwa vitabu inaandikwa shoti. Yeye hana maoni yoyote kuhusu mafuta, anatafuta senti zake tu.

Namba ya pili ndiyo ya maana: deni la shoti ambalo bado halijarudishwa. Marekani hukusanywa mara mbili kwa mwezi na kutolewa siku kadhaa za kazi baadaye. Kwa hivyo ukiiona imeshachacha kidogo. Watu huigawanya kwa wastani wa mauzo ya siku ili kujua ingechukua siku ngapi walio na deni wote kununua na kurudisha. Siku moja au mbili ni kawaida. Siku nyingi ni hatari kwao, kwa sababu bei ikipanda kidogo wote wanakimbilia mlango mmoja, wananunua kwa pamoja, na kununua kwao kunaipandisha zaidi.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha "asilimia 48", muulize ni mauzo ya siku au ni deni. Mara nyingi atakublock.

Na hata deni likiwa kubwa kweli, kwa ETF halisomwi kama la kampuni moja. Fikiria meneja anayeamini Exxon itafanya vizuri kuliko wenzake, lakini hajui bei ya mafuta itaenda wapi. Ananunua Exxon na kuuza kapu zima shoti. Sekta ikianguka yote, anapoteza kwa Exxon na kupata kwa kapu. Ameuza shoti ya nishati, lakini hata hatabiri nishati itaanguka. Anajikinga tu. Makapu hutumiwa hivyo sana, ndiyo maana deni lao huonekana la ajabu. XRT, kapu la maduka ya rejareja, lilishawahi kuwa na deni la shoti kubwa kuliko vipande vyote vilivyokuwepo. Inawezekana, kwa sababu kipande kilichokopwa na kuuzwa kinaweza kukopeshwa tena na aliyekinunua.

Haya, petroli yetu. Bei ya pampu Kenya hujengwa na gharama ya mafuta yaliyosafishwa kufika Mombasa, dola, usafirishaji, faida ya wauzaji, na kodi. Mnakumbuka VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Hiyo hakuna mtu wa New York aliyeipitisha. Mtu kuuza kipande cha XLE shoti hakugusi chochote kwenye hiyo orodha. Njia moja ya mbali ipo: hisa zikipigwa chini kwa muda mrefu, kampuni hupata shida kuchangisha mtaji, huchimba kidogo, na baada ya miaka mafuta yanakuwa haba. Lakini hiyo ni hadithi ya miaka, si ya tarehe 14. Na kubashiri kwenye mikataba ya mafuta yenyewe ni mjadala mwingine kabisa, una ubishi wake. Anayevichanganya viwili hivyo ama hajasoma ama anataka makofi.

Kwa nini basi wanasiasa kila mahali wanapenda kuipiga marufuku? Kwa sababu muuzaji shoti ni adui mtamu: hana uso, anafurahia wengine wakilia, na hapigi kura kwenu. Septemba 2008 Marekani ilipiga marufuku shoti kwa mamia ya hisa za kifedha kwa wiki kama tatu. Hisa ziliendelea kuanguka. Kabla mwaka uishe, mwenyekiti wa SEC wa wakati huo alisema wangejua walichokuja kujua, tume isingerudia. Korea Kusini ilisimamisha shoti Novemba 2023, miezi michache kabla ya uchaguzi wa bunge, kukiwa na kelele kubwa kutoka kwa wawekezaji wadogo. Ikairudisha Machi 2025. Wawekezaji wadogo hawakuwa wajinga, kusema ukweli. Kulikuwa na mabenki ya nje yaliyokamatwa yakiuza bila hata kukopa kwanza, na hiyo ni kosa halali la kuadhibiwa. Tofauti ni kati ya kumkamata mwizi na kufunga soko zima.

Sisi je? CMA ilishatoa kanuni za kukopesha hisa na kuuza shoti tangu 2017. ETF ya kwanza NSE, mwaka huo huo, ilikuwa ya dhahabu. Hisa zetu za nishati ni chache, na KenGen serikali inashikilia asilimia 70. Shoti ikishika kasi hapa, maswali mawili yatakuja haraka. Anayeuza KenGen shoti ataitwa mwekezaji au adui wa nchi? Na hisa za kukopwa zitatoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwa waliokaa nazo muda mrefu, na hao ni mifuko ya pensheni. Yaani hisa za mwalimu anayestaafu zinakopeshwa kwa anayetaka zishuke. Ada inaingia mfuko wa mwalimu, au inaishia kwa wakala katikati? Hilo sijasikia likiulizwa kwenye mdahalo hata mmoja, na lina pesa ya watu ndani.

Kwa walioniuliza kwa DM kama wanaweza kununua yale makapu ya kinyume, yanayopanda nishati ikishuka: yapo Marekani, mengine ya mara mbili. Lakini hesabu yake huanza upya kila siku. Tuseme sekta iko 100, leo inashuka hadi 90, kesho inarudi 100. Kapu la kinyume mara mbili linapanda asilimia 20 hadi 120, halafu kesho yake linapigwa asilimia 22.2, linabaki 93 na kitu. Sekta haijaenda popote. Wewe umepoteza karibu 7, na bado hatujatoa ada.